Mistari Mitatu ya Shu katika Nyasi Zilizokufa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa dawa. Nilipewa pompi ya mgongoni iliyojaa maji matupu, nikaambiwa nitembee kwenye uwanja mkavu nyuma ya ghala mpaka maji yaishe. Aliyeniambia hivyo ni Mzee Amisi, fundi wa mazao, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata jua liwe kali kiasi gani. Alikaa juu ya debe akitazama alama ya maji niliyoiacha ardhini. Palipokauka upesi, nilikuwa nimekimbia. Palipofanya tope, nilikuwa nimesita. Siku tatu nilimwagilia uwanja usio na mmea hata mmoja, wapita njia wakinionea huruma. Siku ya nne alama yote ikakauka kwa pamoja, na Mzee akasema sasa naweza kushika dawa, kwa sababu miguu yangu imejifunza kuhesabu bila kusaidiwa na kichwa.

Ninyi wadogo zangu mliobaki ofisi ya kilimo mliniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na sikumwona aliyenenepa kwa ajili yake.

Shamba letu la mfano lilikuwa Alunguli, kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Tulipanda shu, kabichi ya majani, ile isiyofunga kichwa, ambayo mama anachuma majani ya chini leo na wiki ijayo anarudi tena. Shu ikiwa changa haina nguvu ya kushindana. Wiki nne za kwanza baada ya kuihamisha kutoka kitaluni ndizo zinazoamua. Nyasi zikiitangulia hapo, hata ukipalilia baadaye unapalilia msiba. Mzee Amisi alinifundisha dawa ya kuchagua, ile inayoua jamii ya nyasi na kuiacha shu imesimama kana kwamba haikuguswa. Alinifundisha pia mipaka yake. Ndago inafanana na nyasi lakini si nyasi, na dawa hiyo inainywa kama maji ya mvua. Lengalenga nayo haisikii; hiyo ing'oe kwa mkono, uipike.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba nyasi iliyopigwa dawa haifi mbele ya macho yako. Inakaa siku saba, nane, hata kumi, ikiwa kijani vilevile na ikiyumba na upepo. Mzee alinionyesha namna ya kujua. Unashika jani la katikati, lile changa lililojiviringa, unalivuta polepole. Likigoma, nyasi iko hai. Likitoka bila ubishi, na chini yake pameoza rangi ya kahawia, basi imekwisha kufa, ingawa bado inaonekana nzima. Huko tulikuita kuvuta moyo. Miezi ya mwanzo sikupenda kufanya hivyo. Nilihisi kama ninamgusa mtu begani na kumkuta baridi.

Kosa langu kubwa la miaka ile lilitokea kwenye bustani ya mama mmoja wa jirani. Nilipiga dawa kwenye shu zake kwa pompi iliyotoka kupiga dawa ya mahindi, ile inayoua mimea ya majani mapana, na niliisuuza mara moja tu. Baada ya siku mbili majani yote yalikuwa yamejikunja na kupinda kuelekea chini, kila mche ukiwa umejinyonga kwa namna yake. Mama yule hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama kitu kilichofanya vile kinaweza kufanya vile kwa watu. Mzee Amisi alimlipa miche mipya kutoka kitalu chetu, kisha akanisimamia nisuuze pompi ile mara tatu kwa sabuni, tena mara tatu siku iliyofuata, ingawa haikuwa na kitu ndani. Suuzeni mara tatu. Hilo ndilo la maana katika ukurasa huu.

Halafu vita vikafika. Habari za vita wataandika wengine wanaozijua. Mimi nitasema tu kwamba mji ulifungwa. Huko msituni walikuwa watu wenye silaha, na mjini walikuwa wengine wenye silaha, na aliyekwenda shambani mbali hakuwa na hakika ya kurudi. Muhogo ukawa wa kuota ndotoni. Watu wakaanza kuishi kwa vibustani vilivyokuwa kando ya nyumba, na shamba letu la Alunguli, ambalo zamani lilikuwa la kuonyeshea wageni, likawa chakula. Mishahara ilikuwa imekwisha sahaulika. Mimi na Mzee Amisi tulibaki kwa sababu tungeondoka kwenda wapi.

Nyumba iliyopakana na shamba ilikuwa ya bwana mmoja fundi baiskeli na mke wake, Mama Faila, ambaye zamani alikuwa akitusaidia kitaluni siku za kuhamisha miche. Siku moja asubuhi askari waliingia kwao. Tulisikia risasi mbili. Mwili wa bwana haukuonekana, na Mama Faila hakuonekana. Majirani walisema wote wawili wametupwa mtoni. Walisoma dua kwa sauti ndogo ndani ya nyumba moja, mlango ukiwa umefungwa, na sisi tukawahesabu katika waliokwenda. Baada ya wiki, komanda wa askari wale akahamia ndani ya nyumba ileile, na watu wake wakaanza kula shu zetu.

Nyuma ya nyumba, kati ya shamba na mto, palikuwa na matete. Mwaka ule yalikuwa yamechomwa, na mvua iliyofuata ikayachipusha upya, laini na mengi, yakafika urefu wa mtu. Ilipita kama mwezi hivi. Ndipo komanda akatuita.

Alikuwa mtu wa mbali, kijana bado, mwenye adabu ya kutisha. Alitukaribisha viti. Alisema kila siku, saa kumi alasiri, matete yale yanatikisika. Upepo hakuna. Yanatikisika kwa mstari, kama mtu anatembea humo ndani taratibu, anakwenda, anageuka, anarudi. Askari wake wamepiga risasi, wameingia hatua chache, wamekuta hakuna mtu. Sasa wawili wamekataa zamu ya upande ule, na mmoja amevua viatu na kuondoka bila kuaga.

“Nasikia muko na dawa inakula nyasi na inaacha shu,” akasema.

“Iko kidogo,” Mzee Amisi akajibu.

“Kidogo njo itatosha.”

Mzee alijaribu kumweleza kwamba dawa ile ni ya magugu ya bustanini, kwamba matete ni makubwa, kwamba itachelewa. Komanda akauliza atajuaje kama inafanya kazi au tunamchezea. Mzee hapo, kwa sababu alikuwa mwalimu na mwalimu akiulizwa swali zuri hawezi kujizuia, akamweleza kuvuta moyo. Nilimwona komanda anafurahi. Alikuwa mtoto wa wakulima, alisema; angevuta mwenyewe kila asubuhi. Tulitoka nje tukarudi ghalani. Huko Mzee akasema amemfundisha mtu yule kitu ambacho hakupaswa kufundishwa.

Tuliingia asubuhi ya kesho yake, kila mmoja na pompi yake, koti la kazi, kofia na kitambaa usoni. Mzee alishika upande wa juu, mimi upande wa mto. Ndani ya matete hewa ilikuwa nzito, na sauti za nyumba zilikatika mara moja kana kwamba mlango umefungwa nyuma yangu. Nilitembea kwa hatua zangu za kazi. Kama hatua arobaini ndani, nikakuta udongo uliofagiliwa.

Palikuwa pameng'olewa matete kwa mkono, eneo la urefu wa mtu na upana wa mtu, na katikati palikuwa na shu. Mistari mitatu. Miche ilikuwa ya kitalu chetu, niliitambua, imepandwa kwa nafasi tuliyokuwa tukiwafundisha watu, na hapakuwa na jani moja la gugu. Nilisimama nikiishangaa kazi ile nzuri. Kisha nikaona jicho. Chini ya kipande cha bashi, turubai la plastiki, kilichofunikwa na nyasi alikuwa amelala Mama Faila, amejikunyata, ananitazama.

Tulikuwa tumemwombea dua. Nilichofanya ni kumsalimia, kama tunavyosalimiana sokoni, na yeye akaitikia.

Aliniambia kwa mnong'ono usiozidi pumzi. Siku ile walimburuta mume wake mpaka ukingoni mwa matete wakamwacha, wakaenda kunywa. Yeye alikuwa amejificha humo. Alimvuta ndani, akamzika kwa mikono na sufuria. Kaburi jipya linaonekana, udongo wake mwekundu unapiga kelele; kwa hiyo aliiba miche yetu alfajiri, mmojammoja, akapanda juu. Alikuwa anakula majani ya pembeni na kunywa maji ya mto. Nilimwambia nyasi zote zitakufa, kwamba ana siku saba, labda nane.

“Hapana piga hapa,” akasema. “Bwana yangu iko hapa.”

Nilimwambia dawa haitagusa shu. Nilidhani ninamfariji. Kisha nikamwambia aache kutembea saa kumi, kwa sababu wamemwona.

“Ile ya saa kumi haiko miye,” akasema. “Saa ile niko nalala hapa, sitikisiki. Hata miye niko naisikia.”

Nilimalizia mstari wangu. Sijui kama hatua zilikuwa sawa.

Mzee Amisi alisikiliza yote ghalani akiwa anasuuza pompi. Hakushangaa sana, au alikuwa amechoka kushangaa. Alisema hatuwezi kudanganya dawa, maana yule bwana atavuta moyo. Tunaloweza ni kumtoa mama kabla nyasi hazijaanguka. Siku ya tano komanda alivuta jani, likagoma. Siku ya saba likatoka. Alilishika mbele ya macho yetu akautazama ule uozo wa kahawia chini yake, kisha akatazama matete yote yaliyokuwa kijani hadi mtoni, na akasema kwa sauti ya chini kwamba hii kazi yenu ni ya ajabu. Mzee akamwomba ruhusa turudie pembe ambazo dawa haikufika. Akakubali.

Tukaingia wawili asubuhi iliyofuata. Ndani ya matete nilivua koti, kofia na kitambaa, nikamvika Mama Faila, nikamfunga pompi mgongoni. Alikuwa mwepesi, pompi ilimyumbisha. Alipiga magoti akagusa shu moja, akainuka. Mpango ulikuwa rahisi: askari wa zamu ameona wawili wanaingia, ataona wawili wanatoka. Mzee atamfikisha mtoni kwa mvuvi mmoja aliyemwamini, kisha atarudi baada ya zamu kubadilika mchana, na askari mpya, asiyejua nani yuko ndani, atatuona tena wawili tunatoka. Waliondoka. Nilisikia salamu kwenye uwanja, kikohozi cha Mzee, kisha hakuna.

Mvuvi alichelewa, na Mzee hakurudi mchana. Nilikaa pale peke yangu, nimebaki na kitenge na fulana nilivyovaa chini ya koti, kando ya kaburi la mtu niliyempelekea baiskeli yangu mara nyingi. Nyasi zilizonizunguka zilikuwa zimekwisha kufa zote, na zilikuwa nzuri kuliko siku nyingine yoyote. Kwa kukosa la kufanya nilivuta moyo mmoja, ukatoka. Nikavuta mwingine. Nikaacha.

Saa kumi ilipofika nilijua bila saa. Mlio wa wadudu ulikatika. Kisha upande wa juu matete yakaanza kufunguka, si kwa upepo, maana yaliyo kando hayakusogea. Yalifunguka kwa mwendo wa mtu. Nimefundishwa kusikiliza hatua, ndiyo kazi yangu, na zile zilikuwa hatua za mtu asiye na haraka, zenye urefu mmoja. Zilikuja mpaka mwisho wa shu. Zikageuka. Zikazunguka upande wa pili, zikapita nyuma yangu karibu kiasi kwamba majani yalinigusa shingo, zikaenda zikapotea kuelekea mtoni. Sikuona mtu. Naandika nilichokisikia; wengine wanieleze.

Mzee alifika muda mfupi baadaye na koti langu. Mama Faila alikuwa amevuka. Tulitoka wawili, askari akatuangalia bila hamu.

Sasa ninakuja kwenye jambo ambalo mtu wa kazi yetu ataliona kabla sijalisema. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi alasiri nikiwa na mikono miwili mitupu. Nilijua nyasi zote zitakauka na shu haitakauka. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe mjane yule. Ningeweza kung'oa miche ile nikatandaza matete juu ya udongo, na pangekuwa mahali kama pengine. Haikunijia. Kwanza ilikuwa miche mizuri, na mimi nimefundishwa kuilinda. Baadaye nilikuwa na hofu ya kunyoosha mkono. Mzee aliponikuta alitazama zile shu, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakunisahihisha. Muda ulikuwa umekwisha.

Wiki ya pili matete yaligeuka manjano, yakawa kahawia, yakalala. Vishada vya ndago vilibaki huku na huku, ovyo, kama vinavyoota. Na katikati, mbele ya dirisha la komanda, palikuwa na mistari mitatu ya kijani, imenyooka, urefu wa mtu aliyelala.

Askari hawakuukaribia mstatili ule. Walikuwa wamesimama mbali, wengine wakitazama chini. Komanda alituita tukasimama mbele yake kwenye nyasi zile kavu. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa ameshajua ni nini, na alijua ni nani amelala pale, na alichokuwa anakitafuta ni kuhakikishiwa kwamba aliyepanda ni mtu mwenye mikono, si mzimu.

“Nani alipanda hii?”

Nilifungua mdomo. Nataka kuamini nilikuwa nataka kusema jambo, lakini sikumbuki lilikuwa jambo gani.

“Ni miye,” Mzee Amisi akasema. “Nilijaribu mbegu.”

Komanda akamuuliza kama anajua kilicho chini. Mzee akasema anajua, ni mtu. Wakamchukua. Alivua pompi kwanza, akaiweka wima ili isivuje. Sikumwona tena, wala mtu mwingine niliyemuuliza hakumwona. Siku iliyofuata komanda na watu wake walihama nyumba ile. Hawakuwahi kulala humo tena. Saa kumi matete hayakuwa na cha kutikisika, yalikuwa chini.

Vita vilipokwisha Mama Faila alirudi, akamhamishia mume wake makaburini, na mpaka leo anauza mboga. Mzee Amisi hana kaburi. Ofisini, mtu fulani ambaye hakuwepo alisema mzee alikamatwa kwa kuuza dawa ya ghala, na kwa kuwa dawa kweli haikuwepo, maneno yakashika. Mmeyasikia na ninyi. Nimeyasikia yakisemwa mbele yangu miaka mingi, nikiwa na kalamu mkononi, na kila mara nilijiambia nitasahihisha siku nyingine. Dawa ile tuliimaliza sisi wawili kwenye matete. Hakuiba hata kifuniko.

Kabla ya kuwapa karatasi hizi nilivuka kwenda kwa binti wa Mzee, Salima, mwalimu wa shule, ambaye wakati ule alikuwa mdogo. Nilimsomea yote, hata pale pa mikono yangu mitupu. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema mama yake alikufa akiamini ni wizi. Kisha akaniuliza nilikuwa nimesimama wapi baba yake aliposema yale.

Nikainuka nikamwonyesha kwenye sakafu yake. Komanda pale mlangoni. Baba yako hapa. Mimi hapa, hatua mbili nyuma yake.

Aliweka ungo chini, akaja akasimama pale nilipomwonyesha, mahali pa baba yake, mgongo wake kwangu, akitazama mlangoni. Kisha akageuka akaupima kwa macho ule umbali uliobaki kati yetu.

“Iko karibu,” akasema.

Nikasema ndiyo, ni karibu.

“Wapelekee karatasi,” akasema. “Lakini uandike vile ilikuwa karibu.”